Mama Subiri na Kichupa cha Dirishani

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, mtaalamu wetu wa dawa za usingizi atavua viatu vyake vya mpira vya kijani na hatavivaa tena. Ametumikia hospitali hii miaka thelathini na minne na miezi miwili. Karani wa utumishi ameandika kwenye faili kwamba amelaza wagonjwa elfu kumi na tisa. Mimi nasema ni zaidi, na mimi ndiye niliyewasukuma. Faili halina magurudumu.

Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu uandikwe na daktari, mtu wa digrii. Nikawaambia haiwezekani. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe tuliachana vibaya, lakini nani katika jengo hili amekaa naye mlango mmoja miaka yote hiyo? Madaktari wanakuja na kuondoka kama wageni wa harusi. Mimi msukuma machela, ambaye watu wananiita Mzee Magurudumu, nilikuwapo alipoingia na nipo anapotoka. Nilishastaafu mara moja mimi mwenyewe. Wakanirudisha kwa mkataba baada ya wiki tatu, kwa sababu machela zilianza kugonga milango. Basi kalamu ninayo mimi. Herufi azinyooshe karani, maneno asiyaguse.

Alikuja hapa akiwa muuguzi wa wodi ya wazazi, mwembamba kama uzi, na tulidhani hatamaliza mwezi. Baada ya miaka mitatu akaenda kusomea usingizi, akarudi na cheti na sanduku la vitabu ambalo nililipandisha mimi peke yangu hadi ghorofa ya pili bila kupumzika. Siku hizo mashine ya usingizi ilikuwa moja, na ilikoroma kuliko mgonjwa. Aliizoea mpaka akawa anajua kwa mlio tu kwamba mpira fulani umelegea. Kuna siku umeme ulikatika katikati ya upasuaji, akabana mfuko wa hewa kwa mkono saa nzima na dakika kumi, mkono wa kulia ukichoka anahamia wa kushoto, huku akitusimulia jinsi mwanawe alivyomfunga mbuzi tai ya baba yake. Mgonjwa aliamka anauliza mbona watu wote wanacheka.

Jina la Mama Subiri alipewa na mpasuaji mkuu, na hakumpa kwa mapenzi. Ilikuwa wiki yake ya pili baada ya kurudi na cheti. Mpasuaji ameshanawa, ameshavaa glavu, mikono iko juu kama mtu aliyekamatwa, mama wa watu anamwambia, "Subiri kwanza." Alikuwa ameona vijivimbe vya manjano pembeni mwa kope za mgonjwa. Mpasuaji akafoka kwamba hakuja kutazama kope, amekuja kutoa kijiwe cha nyongo. Akajibiwa kwa sauti ile ile ya upole: "Kulaza ni kazi ndogo, daktari. Mimi nimeajiriwa kuamsha." Mgonjwa akapelekwa kupimwa. Damu yake ilikutwa imejaa mafuta na mishipa ya moyo wake imebana. Alitibiwa kwanza, kijiwe kikatolewa miezi miwili baadaye, akarudi kwake kwa miguu yake. Tangu siku hiyo mpasuaji mkuu ananung'unika, lakini anasubiri.

Namna anavyofanya kazi niieleze, maana wanafunzi wanaiiga na hawaipatii. Alasiri ya siku moja kabla ya upasuaji hupita wodini na kigoda chake. Hasimami miguuni mwa kitanda. Anakaa, magoti yake yanagusa shuka. Anatoa damu, kichupa kimoja cha maabara na kimoja chake, na hicho chake anakisimamisha dirishani. Halafu anaanza maswali, ambayo mimi nayajua kwa kichwa. Unapanda ngazi hadi ghorofa ya pili bila kusimama? Kifua kinabana? Baba yako alifariki kwa maradhi gani, na akiwa na umri gani? Unameza vidonge gani? Unakula nini, na usinidanganye, damu haina aibu.

Mpaka mazungumzo yaishe, damu imeshatulia. Nyekundu imezama chini, juu yamebaki maji ya manjano. Hapo anachukua kadi ya mgonjwa, anaiweka nyuma ya kichupa na kujaribu kusoma jina kupitia yale maji. Jina likisomeka, anatabasamu. Likiwa na ukungu, anangoja majibu ya maabara kabla ya kusema neno. Lisipoonekana kabisa, maji yakawa meupe kama maziwa, basi huyo kesho halazwi hata mpasuaji apige magoti.

Niliwahi kumuuliza kwa nini mafuta yanamhusu yeye na si mpishi. Akanieleza vizuri, nami nikamwelewa kuliko wanafunzi wake. Mafuta yakizidi kwenye damu kwa miaka mingi, mishipa ya moyo hubana kama bomba lenye kutu. Dawa za usingizi hushusha presha, na presha ikishuka, bomba jembamba halipitishi kitu, moyo unabaki na njaa. Tena kuna ile dawa nyeupe ya kulaza inayopita kwenye mshipa: yenyewe imechanganywa na mafuta. Ukimmiminia nyingi mtu ambaye damu yake ni maziwa tayari, unaweza kuliamsha kongosho lake likavimba, na kongosho likivimba ni balaa jingine. Alianza kunieleza na habari ya vidonge, lakini hapo machela ilikuwa inaniita.

Ningebaki kidogo nikasikiliza, wasifu huu ungekuwa mfupi.

Kamati ilinishauri niruke sehemu inayofuata. Siiruki. Kwa miaka kumi na moja, kila siku saa kumi na moja jioni, nilikuwa nasimama mlangoni mwa wodi na kutangaza. Hakuna aliyenituma. Nilijituma mwenyewe, kwa kuwa sauti ninayo. "Wa kesho mnisikie! Hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna kidonge! Atakayemeza kitu namrudisha!" Wagonjwa walinitii kuliko karatasi za ukutani. Mama Subiri saa hizo huwa amekwisha kupita na kwenda zake. Yeye anawaambia kwa kunong'ona, mimi nakuja nyuma na ngurumo.

Mwezi wa tatu mwaka huu ikawa zamu yangu. Nilikuwa na ngiri upande wa kulia, nimeificha chini ya mkanda miaka sita. Siku moja kwenye mteremko wa wodi ya watoto ikachomoza na kukataa kurudi. Nilikaa chini nikaona nyota za mchana. Ilirudi baada ya nusu saa, lakini mpasuaji mkuu aliniambia wazi: ikinasa tena na isirudi, utumbo utaoza, na mzee utazikwa na ujuaji wako. Lazima ipasuliwe. Nikakubali, ila nikaapa mbele ya wodi nzima kwamba atakayenilaza ni Mama Subiri, mwingine asinisogelee na sindano. Naye alikuwa amebakiza miezi mitatu.

Akaja na kigoda chake. Akatoa damu, akasimamisha kichupa dirishani, akaanza kuuliza. Ngazi? Nikamwambia napanda kama mbuzi, na huo ulikuwa ukweli. Chakula? Mboga na matunda. Mke wangu, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, akakohoa. Vidonge? Sina. Akakohoa tena.

Mama Subiri akachukua kichupa. Maji ya juu yalikuwa meupe, na yale ya kugusana na damu yana uwaridi kama maziwa yaliyotiwa sharubati. Akaweka kadi nyuma. Akatazama. Akaigeuzia kwangu. "Nisomee wewe, kaka."

Nikasema tatizo ni miwani.

"Miwani unayo usoni," akasema mke wangu, akafungua mkoba wake na kutoa vidonge vya kushusha mafuta nilivyopewa kliniki mwaka mzima uliopita. Nilikuwa nimeviacha tangu wiki iliyotangulia. Mama Subiri akauliza kwa nini. Nikajibu kwa fahari kwamba mimi nafuata sheria: ukienda kupasuliwa, hakuna kidonge.

"Sheria ya nani?"

"Yangu. Si ndiyo natangaza kila siku?"

Aliinuka, akakiacha kigoda pale, akaenda kitanda hadi kitanda akiuliza swali moja tu. Kati ya wagonjwa tisa wa kesho yake, watatu walikuwa wameacha vidonge kwa sababu yangu. Mmoja alikuwa mama fundi cherehani, ambaye moyo wake ulishawahi kumwangusha mwaka juzi. Alijitetea kwa haki kabisa: "Si yule mzee ndiye alisema? Ningembishia vipi, na sauti ile?" Mama Subiri akawapa vidonge vyao palepale kwa tone la maji, maana vidonge vya mafuta havikatizwi ghafla. Mishipa iliyozoea kutulizwa hukasirika, na vinamezwa hata asubuhi ya upasuaji wenyewe. Ndiyo ile habari iliyonipita. Mama fundi akaondolewa kwenye orodha mpaka moyo wake upimwe upya. Alipasuliwa wiki mbili baadaye na sasa hivi anashona.

Hakuna aliyekufa siku hiyo. Lakini nilikaa kitandani nikihesabu miaka kumi na moja mara alasiri ngapi, na vidole vyangu vikaisha. Nilingoja anigombeze. Alirudi kuchukua kigoda chake, akaniambia, "Sauti yako nzuri, kaka. Ibadilishie maneno."

Ubishi haukuniisha siku moja. Asubuhi nilivaa gauni la upasuaji nikajisukumia machela hadi mlango wa thieta, nikitumaini maabara itamkanusha. Maabara haikumkanusha. Mafuta yalisoma kumi na moja nukta nane, na yanayotakiwa hayafiki hata mbili. "Subiri," akasema, akafunga mlango. Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi nilijisukuma kurudi mwenyewe, gauni liko wazi nyuma, na wodi nzima ikinipigia makofi.

Hapo ndipo ilipoanza safari ya miezi mitatu, yeye akielekea lango la kustaafu na mimi nikiikimbiza damu yangu imkute kabla hajatoka. Nilifungwa mkanda wa ngiri, nikakatazwa machela, nikawekwa mapokezi kuelekeza watu. Asubuhi nilitembea kuzunguka uzio wote wa hospitali mara nne. Nyumbani mke wangu aliifungia chupa ya mafuta ya kupikia ndani ya sanduku la nguo na kulala na ufunguo. Kila Jumatano kichupa kilisimama dirishani. Walinzi wa getini hawakuniacha nipumue: "Mzee, maziwa yamefika? Tulete vikombe?"

Damu ikaanza kushuka. Tisa. Sita. Mwezi wa tano nikaalikwa kwenye sherehe ya kumuaga mpishi mkuu, nikachukua nyama ya kukaanga kidogo, kisha kidogo nyingine, na ya tatu nilikula ili nisimvunje moyo mwenye sherehe. Jumatano Mama Subiri akakinyanyua kichupa kwenye mwanga. "Nani kastaafu wiki hii? Maana namwona humu ndani." Ikarudi saba. Siku hiyo alinikalisha akaniambia neno ambalo halikuwa na utani: yeye hawezi kuniibia siku, damu ndiyo itakayoamua, na ikichelewa nitalazwa na mwingine au ngiri itanipeleka asikotaka mtu. Nikaenda kwa mke wangu nikamwambia, huo ufunguo, uhamishie kwa jirani.

Jumapili iliyopita, tarehe ishirini na tano, alikuja wodini na kigoda. Hakuwa zamu. Kesho yake ilikuwa orodha yake ya mwisho. Kichupa kilisimama dirishani, tukaongea habari za watoto mpaka muda ukatimia. Akachukua kadi, akaiweka nyuma, hakutazama. Akanigeuzia mimi. Nikasoma jina langu, la baba yangu, la babu yangu, wodi, na namba ya kitanda, ambayo muuguzi aliiandika kwa penseli iliyochakaa. Nilisoma kwa sauti yangu ya matangazo. Watu wa wodi ya pili walidhani kuna mtu ameitwa. Maabara ikasema moja nukta tisa.

Jumatatu asubuhi nilimeza kidonge changu kwa tone la maji, nikasukumwa na muuguzi ambaye aligonga mlango mara mbili na simtaji. Ndani nikakuta Mama Subiri amekaa kwenye kigoda na sindano haikuwa mkononi mwake. Iko kwa binti aliyemfundisha, yule anayeshika nafasi yake kuanzia Jumatatu ijayo. Nikainuka mezani. Hatukukubaliana hivi!

Akanishika mabega. "Kaka mkubwa, Ijumaa mimi natoka. Na ngiri ya kushoto ikija mwakani, utanigongea nyumbani na sindano mkononi?"

Sikuwa najua kama kuna ya kushoto. Nikafikiri, nikamwambia kwa kuwa ameniomba yeye, nimeruhusu.

Hawakunilaza. Binti alinichoma ganzi ya mgongo, kwa hiyo ile dawa nyeupe ya mafuta haikunigusa, na mimi nikabaki macho kuanzia kiunoni kwenda juu, yaani upande wenye mdomo. Nilianza kuwaelekeza. Mpasuaji mkuu akaomba, kwa heshima zote, kama kuna dawa yoyote ya kuninyamazisha. Kisha akanyoosha mkono apewe kisu. Hapo nikahisi kichefuchefu, na ile mashine kichwani pangu ikabadili mlio. Presha ilikuwa inashuka. Nilimtazama Mama Subiri usoni. Alikuwa ameshaiona. Vidole vyake vilinibana mabega mpaka nikaumia, na midomo aliifunga kama mtu aliyeshika sindano kwa meno. Pumzi moja. Mbili.

"Subiri kwanza," ikasema sauti ndogo nyuma yangu.

Mpasuaji mkuu akashusha mkono. Hakufoka, hakunung'unika. Dripu ikafunguliwa, dawa ya kupandisha presha ikaingia, mlio ukarudi mahali pake, na kichefuchefu kikanitoka. "Sasa endelea, daktari," akasema binti. Ndipo vidole vya Mama Subiri vilipolegea. Alitazama juu akasema taa inamuumiza macho. Taa ile ipo pale tangu nina nywele nyeusi, na haijawahi kumuumiza.

Ninaandika haya Jumatano, kitanda namba nne, kwa mkono wangu. Mchana ule ule wa upasuaji, miguu ilipopata uhai, alinisimamisha na kunitembeza hadi dirishani na kurudi, kwa sababu mtu mwenye damu ya mafuta akilala sana damu yake huganda miguuni. Nilitembea vizuri kuliko wote. Jana saa kumi na moja nikatangaza nikiwa nimekaa kitandani: "Wa kesho mnisikie! Hakuna kula, maji mwisho wake mtaambiwa na muuguzi! Vidonge, usimeze na usiache mpaka umemwuliza mtu wa usingizi! Mkiniona mimi nasema tofauti, nirudisheni!" Mama fundi, aliyekuja kunijulia hali, alisema afadhali.

Nilikuwa nimeiahidi kamati kwamba Ijumaa nitampakia Mama Subiri kwenye machela yenye maua na kumsukuma mwenyewe hadi getini. Habari zikamfikia, akatuma ujumbe wa neno moja mnalolijua. Wiki sita, nisisukume wala nisinyanyue. Kwa hiyo tutatembea, yeye na mimi na mke wangu na kigoda, na kwa mwendo wangu wa sasa itatuchukua muda. Njooni wote mlango wa thieta saa tisa na nusu.

Dada yetu, kwa niaba ya wote uliowaamsha, na sisi tuliokuwa tukiwapokea mlangoni wakiuliza wako wapi, tunasema asante. Ngazi za kwako uzipande bila kusimama, kifua kisibane, na wajukuu wakujie na vicheko. Umetusubirisha miaka thelathini na minne, na ndiyo maana tupo. Sasa nenda kapumzike, mama. Wewe usisubiri.